Tulishusha Tu

Nyumbani kwetu Milton Keynes, mwaka 2004, kompyuta ilikaa sebuleni karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vile bibi alivyofunika redio yake Mombasa. Ilikuwa kompyuta ya familia nzima, yaani ilikuwa ya baba, sisi tulikuwa na ruhusa tu. Nilikuwa na miaka 15. Kaka yangu alikuwa ameweka LimeWire, ile programu yenye alama ya ndimu, na usiku mmoja mama akaja akasimama nyuma ya kiti changu, kikombe cha chai mkononi. "Humo ndani," akasema, "taarabu hamna?"

Nikaandika neno taarab. Zikatokea faili sita. Mbili zilikuwa nyimbo za Misri, moja ilikuwa Celine Dion aliyepachikwa jina lisilo lake, mbili hazikushuka hata baada ya kuachiwa usiku kucha. Ya sita ilishuka. Sauti yake ilikuwa kama inatoka ndani ya debe, na ilikatika kabla wimbo haujaisha, lakini mama alivuta kiti akakaa. Aliusikiliza mara nne. Hakuuliza umetoka wapi wala nani kalipwa, na mimi sikujiuliza. Tulishusha tu.

Kwenye kipindi kilichopita tuligusa habari hii kwa dakika tatu, tukacheka, tukapita. Halafu binti mmoja wa miaka 17, mtoto wa rafiki yangu, akaniuliza mezani: "Kwani ule ulikuwa wizi?" Nikaanza kumjibu kwa kujiamini, maana mimi ni mtu wa usalama wa kompyuta, haya ndiyo mambo yangu. Katikati ya jibu nikajikuta nimekwama. Kwa hiyo leo naandika nilichopaswa kumwambia, na kwa sababu jambo lenyewe ni la historia kuliko la sheria, itabidi nianze mbali kidogo.

Nianze na kanda. Baba alipokuja Uingereza alikuja na masanduku mawili, na moja, mama anapenda kusimulia, lilikuwa na nguo tatu na kanda zisizo na idadi. Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na ndani ya miaka kama ishirini ilikuwa imebadilisha kabisa namna watu wa pwani wanavyopata muziki. Santuri ilihitaji kiwanda. Kanda ilihitaji mashine mbili na waya. Mombasa kulikuwa na maduka, Mbwana Radio Service likiwa maarufu kuliko yote, ambako kanda za taarabu zilitolewa na kuuzwa, na pembeni yake kulikuwa na kila mtu mwingine mwenye redio ya kaseti mbili. Unapeleka kanda tupu asubuhi, unaichukua baada ya alasiri. Kanda ya harusi ya Jumamosi ilifika Lamu, Unguja na Maskati bila mwimbaji kujua.

Upande wa Tanzania mambo yalikuwa magumu zaidi. Bendi zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo, na santuri zilitengenezwa Kenya. Mpaka wa nchi hizi mbili ukafungwa mwaka 1977, haukufunguliwa hadi 1983. Msikilizaji wa Tanga au Morogoro aliyependa wimbo wa redioni alifanya nini? Alikaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodi, akisubiri mtangazaji anyamaze. Bila shaka wapo kati yenu ambao wazazi wao wana kanda ambazo mwanzoni mwake kuna nusu neno la mtangazaji.

Na sheria? Ilikuwapo. Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria za hakimiliki mwaka 1966, na zote zilikuja kuziandika upya: Tanzania Bara mwaka 1999, sheria iliyoleta COSOTA, na Kenya mwaka 2001. Lakini sheria ya vitabuni na kaunta ya duka la kanda vilikuwa havijuani.

Msidhani Uingereza walikuwa watakatifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chama cha kampuni za kurekodi cha hapa, BPI, kilianzisha kampeni ya kuwaambia watu kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki. Nembo yake ilikuwa kaseti yenye mifupa miwili iliyopishana chini yake, kama bendera ya maharamia. Watoto wa Kiingereza waliendelea kurekodi kutoka redioni Jumapili jioni, kidole juu ya kitufe, sawasawa na yule wa Morogoro.

Tofauti kati ya kanda na kilichofuata ni moja, na ndiyo iliyowatia hofu wenye kampuni. Kanda huchoka. Nakala ya nakala ya nakala husikika kama mvua juu ya bati. Faili haichoki.

Ile faili ya MP3 ilizaliwa Ujerumani, katika taasisi ya utafiti ya Fraunhofer, na jina lake la mwisho wa faili, hizo herufi tatu, lilichaguliwa mwaka 1995. Kilichofanyika ni ujanja wa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu halizioni hasara. Dakika moja ya muziki wa CD hula kama megabaiti kumi. MP3 ya kawaida ya siku zile ilikula moja. Kwa modemu ya simu, ile iliyopiga kelele kama jogoo aliyekabwa, wimbo mmoja wa CD ungechukua karibu saa mbili. Kwa MP3, dakika kumi hadi nusu saa, kama shangazi hajapiga simu.

Mwezi wa Juni 1999 kijana wa miaka 18, Shawn Fanning, aliyekuwa ameacha masomo chuo kikuu Boston, akatoa Napster. Naomba mnielewe hapa, kwa sababu kesi zote zilizofuata zinasimama juu ya namna mashine hii ilivyofanya kazi. Napster haikuwa na wimbo hata mmoja. Ilikuwa dalali. Dalali wa nyumba pale Kariakoo hana nyumba. Ana daftari, anajua nani ana nini, anakupeleka hadi mlangoni. Wewe ukitafuta wimbo, kompyuta za Napster zilitazama daftari lao, zikakuonyesha mtu wa Ohio au wa Leeds aliyenao, na faili ikatoka kwake moja kwa moja hadi kwako.

Kampuni kubwa za muziki zilifungua kesi Desemba ya mwaka uleule. Aprili 2000 kundi la Metallica likafungua ya kwake, baada ya wimbo wao ambao haujatoka kusikika tayari redioni, na mwezi uliofuata wakapeleka Napster orodha ya majina zaidi ya 300,000 ya watumiaji. Nakumbuka kaka yangu akitukana Metallica jikoni, ingawa hakuwa na wimbo wao hata mmoja. Februari 2001 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko California ikasema dalali anayejua kwamba mali ni ya watu, ana daftari mkononi, na hafanyi kitu, naye ana hatia yake. Julai ile Napster ikazima.

Waliofuata walijifunza. Wakajenga madalali wasio na daftari. Kazaa, Grokster, LimeWire: orodha haikuwa mahali pamoja, kila kompyuta iliuliza jirani yake, jirani akamuuliza jirani. Hapo wenye programu wakasema, sisi hatujui kinachopita, tumeuza waya tu. Juni 2005 Mahakama Kuu ya Marekani iliwajibu, majaji wote tisa kwa sauti moja, katika kesi ya Grokster: ukiutangaza mlango wako kuwa ni wa kupitishia mali za watu, kufumba macho hakukusaidii. LimeWire yenyewe iliponea hadi Oktoba 2010, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa kampuni dola milioni 105.

Sasa, yule binti aliuliza juu ya sisi, siyo juu ya madalali.

Septemba 2003 chama cha kampuni za muziki cha Marekani, RIAA, kilifungua kesi 261 kwa siku moja, dhidi ya watu wa kawaida. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 12 wa New York, anayeishi na mama yake kwenye nyumba za serikali. Mama akalipa dola 2,000 yaishe. Kabla ya chama kutangaza mwisho wa mtindo huo mwaka 2008, waliofikiwa walikuwa zaidi ya 30,000. Wengi walilipa elfu tatu, nne, wakanyamaza. Mama mmoja wa Minnesota alikataa. Walimshtaki kwa nyimbo 24. Baraza la kwanza, 2007, likasema alipe dola 222,000. Kesi ikarudiwa, baraza la pili likasema dola milioni 1.92. La tatu milioni 1.5. Mwishowe mahakama ya rufaa ikarudisha zile 222,000, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikakataa kumsikiliza. Piga hesabu: dola 9,250 kwa wimbo, ambao dukani kwa Apple uliuzwa senti 99. Sheria ya Marekani haitazami bei ya dukani. Inaruhusu dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 kama ulifanya makusudi.

Kitu ambacho wengi hawakukielewa, na mimi sikukielewa hadi nilipokuwa chuo, ni kwamba watu hawa kwa kawaida hawakufuatwa kwa kushusha. Walifuatwa kwa kugawa. Programu zile zilikuwa na folda ya kushiriki, na ulichoshusha kilikaa humo humo, mlango wazi kwa dunia nzima, mpaka uende mwenyewe kwenye mipangilio ukaufunge. Nani alikwenda? Wapelelezi wa kampuni walikuwa wanaingia, wanashusha kutoka kwako, wanaandika namba ya intaneti yako. Kwa hiyo usiku ule mama anasikiliza wimbo wake kwa mara ya nne, mimi, mtoto wa miaka 15 mwenye pajama, nilikuwa msambazaji wa kimataifa. Mteja wangu wa kwanza, nikikumbuka sawa, alikuwa mtu aliyetaka Celine Dion.

Uingereza kesi zilianza Oktoba 2004, watu 28 kwa kuanzia. Hapa hasira za mahakama zilikuwa ndogo, lakini kulikuja ugonjwa mwingine: barua. Kuelekea 2010 ofisi moja ya wanasheria London iliandikia maelfu ya watu ikidai kiasi cha pauni 500 kila mmoja, kwa muziki, filamu na michezo ya kompyuta, na miongoni mwao walikuwamo wazee wasiojua hata kinachozungumzwa. Mambo yakaishia kwenye aibu, orodha za majina zikavuja, wakili akasimamishwa kazi. Mkipata barua ya namna hiyo leo, msilipe kwa hofu na msiitupe. Tafuteni ushauri kwanza, Citizens Advice ni bure.

Niwape na kichekesho kimoja cha sheria ya hapa. Oktoba 2014 serikali iliruhusu mtu kunakili CD yake mwenyewe, aliyoinunua kwa pesa yake, aiweke kwenye kompyuta yake. Julai 2015 mahakama ikaibatilisha kanuni hiyo, kwa sababu serikali haikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba wanamuziki hawapati hasara. Tukarudi tulipokuwa. Yaani yule ami yako anayehamisha CD zake za Bi Kidude kwenda kwenye flashi ya gari, kwa maandishi, anavunja sheria ya 1988. Hakuna atakayemgongea mlango, lakini ndivyo ilivyo. Kushusha kwa matumizi yako mwenyewe hapa ni kosa la madai: mwenye haki anaweza kukudai. Kifungo ni kwa wanaosambaza, na tangu 2017 kinaweza kufika miaka kumi. Wenzetu wa Oman wana sheria yao ya 2008. Msikubali mtu awaambie eti Ghuba hakuna mambo hayo.

Hapa inabidi nisimulie ya kwetu, ingawa mama hapendi.

Mwaka 2005, baada ya kuzoea, nilitafuta wimbo fulani wa harusi ambao shangazi aliuomba. Faili ilikuja haraka mno. Ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 200 na ushei, na wimbo wa kweli ungekuwa mara ishirini ya hapo. Leo ningeiona kwa jicho moja. Wakati ule niliona jina la wimbo na mwisho wake mp3, sikujua kwamba Windows ilikuwa inaficha herufi za mwisho kabisa, na kwamba nyuma ya ile mp3 kulikuwa na exe. Nikabonyeza mara mbili. Hakikulia kitu. Kwa kuwa hakikulia, nikabonyeza tena.

Kufikia Ijumaa kompyuta haikuwaka. Baba akaipeleka dukani mtaani, kijana wa pale akasema virusi vimeenea, dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Baba akauliza kama picha zitapona. Hakuuliza juu ya sauti, kwa sababu hakukumbuka kwa wakati ule.

Zamani watu walitumiana barua za kanda. Simu ilikuwa ghali, na bibi hakupenda kumwambia mtu amwandikie mambo yake. Alikaa na redio kaseti kibarazani, akasema na mwanawe dakika arobaini na tano, upande mmoja, kisha akageuza. Baba alikuwa nazo kadhaa, zilizosalia ilikuwa moja tu, na mashine ilikuwa imeanza kuitafuna. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameihamishia kwenye kompyuta, kwa uangalifu, nakumbuka alituambia tusiongee, kisha kanda ile iliyochakaa akaitupa. Bibi alikuwa ameshafariki.

Basi. Ndiyo hatari ya kushusha ovyo, kama mnataka kuijua. Siyo RIAA.

Nikiri pia kwamba hatari haikutoka kwa maharamia peke yao. Mwaka uleule wa 2005 iligunduliwa kwamba Sony BMG walikuwa wameweka kwenye CD zao, CD halali zenye risiti, programu iliyojificha ndani ya kompyuta ya mnunuzi ili kumzuia kunakili, na ikaacha uwazi ambao virusi vingine viliutumia. Walilazimika kuziondoa sokoni. Siku hizi LimeWire ile haipo, lakini mtego ni uleule, umebadilisha nguo tu. Tovuti za kugeuza video kuwa MP3 zina vitufe vitano vya kupakua na vinne ni vya uongo. Kinakuomba ruhusa ya kukutumia taarifa, ukikubali simu inaanza kukwambia ina virusi 13. Au unaambiwa uweke APK ya Spotify ya bure. Kazini nimeshafungua simu za namna hiyo. Programu isiyotoka kwenye duka rasmi, inayoomba kusoma meseji zako ili ikuchezee muziki, haitaki muziki. Inataka namba ya siri ya benki.

Kwa hiyo nimjibu binti yule. Ulikuwa wizi?

Mwaka 1999 kampuni za Marekani ziliuza muziki wa karibu dola bilioni 14.6. Miaka kumi na mitano baadaye ilikuwa karibu bilioni 7. Wachumi wamegombana juu ya hilo hadi leo, wengine wakisema kushusha ndiko kulikoua mauzo, wengine wakisema athari yake haionekani. Mimi naona kwa Celine Dion jibu ni rahisi: kuanzia Juni 2004 duka la Apple lilikuwa wazi Uingereza, wimbo senti 79 za pauni, na kaka yangu alikuwa na kazi ya Jumamosi. Hakuwa na udhuru. Lakini wimbo wa mama haukuwa dukani. Nilitafuta. Hakukuwa na mahali ambapo mtu wa Milton Keynes angeweza kulipa hata kama angetaka kulipa mara mbili.

Udhuru huo nao umepungua siku hizi. Mdundo, ya Nairobi, inakupa wimbo bure na tangazo mwanzoni, na mwanamuziki ameingia mkataba, kwa hiyo tafadhali msichanganye "bure" na "haramu". Vijana wengi wa Bongo Flava walitoa nyimbo zao bure kwa makusudi ili zisikike, kisha pesa ikatoka kwenye maonyesho na miito ya simu. Ni haki yao kufanya hivyo. Ni yao, ndiyo maana wanaweza kuigawa. Spotify ilifika Kenya na Tanzania Februari 2021. Kwenye Bandcamp unaweza kumlipa mtu moja kwa moja. Na bado, mkitafuta taarabu ya kanda za Mombasa za miaka ya 1980, mara nyingi mtaiona YouTube, imepandishwa na mtu asiyejulikana, picha moja ya bahari, hakuna jina la mpigaji.

Hilo nalijua kwa sababu ya ami yangu.

Ami, mdogo wake baba, alipiga taishokoto, kile chombo cha nyuzi chenye vibonye kama vya taipureta kilichotoka Japani na kupata uraia Mombasa. Alipiga na kundi kwa miaka kama kumi, harusini zaidi, na waliporekodi walilipwa siku ileile, pesa mkononi, basi. Kenya ilipata MCSK kwa watunzi mwaka 1983, na baadaye ikaja PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Ami anazijua kwa majina. Yeye hayumo kwenye daftari la yeyote, na mwenye duka aliyerekodi alishafariki, na watoto wake hawajui mkataba wala kanda mama zilipo. Sheria inasema mpigaji ana haki juu ya alichopiga. Sheria haisemi aende mlango gani.

Alitutembelea mwaka 2019. Usiku wa pili, baada ya kula, akaniuliza kama naweza kumtafutia nyimbo zao, kwa sababu kanda zake mwenyewe ziliingia maji. Hakuwa na nakala ya hata wimbo mmoja. Nilimpata kwenye simu kwa dakika mbili. Watu laki moja na zaidi walikuwa wameusikiliza, chini yake wameandika kutoka Dubai, kutoka Toronto, wanawakumbuka mama zao. Nikamsomea. Akafurahi, kisha akanyamaza, kisha akauliza: "Na huyu aliyeuweka, anapata kitu?" Nikamwambia inawezekana, kuna matangazo. "Kiasi gani?" Sikujua. "Mimi simdai," akasema, "nauliza tu."

Halafu akasema, "Nishushie, niende nao."

YouTube hawaruhusu kushusha pasipo kitufe chao. Tovuti kubwa kuliko zote ya kugeuza video zao kuwa MP3 ilishtakiwa na kampuni 2016, ikafungwa Septemba 2017. Mimi kazini ndiye ninayewaandikia wenzangu onyo la kutotumia vitu hivyo. Nilimtazama ami, miaka 67, kofia ya vito kichwani, anasubiri. Nikashusha. Nilitumia programu ninayoiamini, kwenye kompyuta ya majaribio, nikapima faili kabla ya kuifungua, na haya nayasema siyo kwa kujitetea. Sheria niliivunja, kwa haki ya mtu ambaye simjui, kumpa mtu ninayemjua muziki wake.

Wakati faili zinahamia kwenye flashi akauliza juu ya ile kanda ya mama yake. Kama bado tunayo. Nikamwambia mimi mwenyewe, kwa sababu baba alikuwa kimya na ilikuwa kazi yangu kusema. Nikamweleza na jinsi ilivyokuwa, faili ndogo, kubonyeza mara mbili. Alisikiliza mpaka mwisho. "Alikuwa anasema nini?" akauliza. Baba akajibu kwamba sehemu kubwa alikuwa anawalalamikia majirani.

Wakacheka wote wawili, kidogo.

Tukauchezesha ule wimbo wa kwanza kuhakikisha umeingia vizuri. Karibu na dakika ya tatu ami aliinua kidole. "Hapa," akasema. "Umesikia? Hapa nilikosea." Akataka nirudishe nyuma asikie tena.